SOMO: MLIMA UNAPANDWA KWA SAA

Somo la Jiografia na Usalama, kwa madarasa yote



Kila mwaka wakati wa kipwa, mvula ikiisha na njia zikikauka, ulizo ni lile lile: «Mwalimu, tutaenda Kundelungu lini?» Ni ulizo zuri. Mtu wa Katanga anapaswa kuiona inchi yake kwa macho yake na kuipima kwa miguu yake, si kuisoma kwenye kitabu tu. Lakini kabla ya kuuliza «lini», kuna ulizo lingine ambalo wengi hawaulizi: «Tutageuka saa ngapi?»

Somo hili linajibu ulizo hilo. Mwenye kujua jibu lake kabla ya kutoka nyumbani, atarudi. Asiyelijua atarudi kama akipata bahati, na bahati si kitu cha kumpa mama aliyekukabidhi mtoto wake.

1. MILIMA YETU NI YA NAMNA GANI?

Mji wa Lubumbashi umesimama karibu mita 1.200 juu ya usawa wa bahari. Hatuoni mlima mkubwa karibu na sisi. Ule mlima mweusi karibu na bomba refu si mlima, ni takataka za kuyeyusha shaba. Milima ya kweli inaanza mbali kidogo. Upande wa kaskazini, ng'ambo ya bonde la Lufira, kuna Kundelungu, ambayo ni mbuga ya taifa tangu mwaka 1970. Pale ndipo maji ya mto Lofoi yanapoanguka kutoka juu, zaidi ya mita 300 kwa mara moja. Mbali zaidi kaskazini kuna milima ya Upemba, mbuga ya taifa tangu mwaka 1939.

Sasa angalieni vizuri. Mlima kama Kilimanjaro una kichwa: unapanda, unafika kichwani, unashuka. Kundelungu si hivyo. Ni kama meza. Kwanza kuna ukuta wa kupanda, wenye mawe na miti. Kiisha, juu, kuna tambarare kubwa ya majani inayokwenda mbali hata macho yachoke. Mtu akiwa chini anaona mwisho wa ukuta, anasema: «Tukifika pale tumemaliza.» Akifika pale anaona kazi bado.

Meza hii ina mtego wake. Juu yake kila upande unafanana. Majani mbele, majani nyuma. Ukuta ule ulioupanda hauonekani tena mpaka uwe karibu na ukingo wake, na njia ya kushuka ni ile moja tu kati ya mawe. Kwa hiyo shika kanuni hii ya kwanza: ukitokea juu, usiendelee mara moja. Geuka. Tazama mahali ulipotokea. Weka mawe matatu, moja juu ya lingine, au ukumbuke mti wenye umbo la peke yake. Njia unayoiona ukienda si ile unayoiona ukirudi.

2. WASKOTI NA HESABU YAO

Kuna watu wa Ulaya wanaopenda sana kutembea milimani kwa miguu, nao ni Waskoti, watu wa kaskazini ya Uingereza. Jina lao si geni kwetu. Frederick Arnot, aliyezaliwa Glasgow mwaka 1858, alifika Bunkeya kwa mfalme Msiri mwaka 1886, kiisha kupita njia ndefu kutoka pwani ya Benguela, zaidi ya kilomita elfu moja. Dan Crawford, aliyezaliwa Gourock mwaka 1870, alifika Bunkeya mwaka 1890, na baadaye alikaa Luanza kwenye ziwa Mweru mpaka kufa kwake mwaka 1926. Hawakutembea peke yao: wapagazi wa inchi hizi ndio waliobeba mizigo na kujua njia, na wapagazi hawakuhesabu kilomita. Walihesabu siku za mwendo, na mahali maji yalipo.

Mlima mrefu kuliko yote ya Skotilandi unaitwa Ben Nevis. Una mita 1.345. Mwanafunzi atacheka: «Mita 1.345? Unapita mji wetu kidogo tu!» Asicheke haraka. Ben Nevis unaanza karibu na bahari, basi mwenye kuupanda anapanda mita zote zile. Sisi tunakaa juu tayari. Namba iliyoandikwa kwenye karte inakuambia mlima umesimama wapi. Haikuambii miguu yako itafanya kazi gani. Kazi ya miguu ni tofauti kati ya mahali unapoanzia na mahali unapoishia. Andikeni hiyo kwenye daftari.

Tena milima ile ya Waskoti, ingawa ni mifupi, inaua watu. Sababu si urefu. Sababu ni ukungu unaoshuka ghafula, upepo, mvula ya baridi, na usiku wa mwezi wa Desemba unaoingia mapema, hata kabla ya 16h00. Kwa hiyo watu wale walijifunza kuhesabu. Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, alitembea siku nzima juu ya milima mitatu. Alipima njia yake: maili 10, ni kusema kilomita 16, na kupanda kwa jumla zaidi ya mita 1.900. Alitumia saa sita na nusu. Kutoka hapo alitoa kanuni ambayo watembezi wanaitumia hata leo. Kwa vipimo vyetu inakuwa hivi:

Saa 1 kwa kila kilomita 5 za njia,
na kuongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda.

Jaribuni kwa safari yake mwenyewe. Kilomita 16 kugawa kwa 5 ni 3,2. Mita 1.920 kugawa kwa 600 ni 3,2. Jumla ni saa 6,4. Karibu kabisa na saa sita na nusu. Muone, hesabu ya darasani ina kazi hata porini.

3. TUIFANYE HESABU KUWA YETU

Naismith alikuwa mtu mzima aliyezoea milima, tena katika inchi ya baridi. Sisi tunakwenda wengi, na jua, na sakoshi, na chungu cha kupikia, na mmoja ambaye kiatu kinamubana. Kwa kundi la wanafunzi ninashauri hivi: chukua hesabu ya Naismith, kiisha ongeza nusu yake.

Tufanye mfano. Njia ya kwenda ni kilomita 8, na kupanda ni mita 600.

Kwenda:
Kilomita 8 ............ 1h36
Kupanda mita 600 ...... 1h00
Jumla ................. 2h36
Kuongeza nusu ......... 1h18
Kwenda yote ........... 3h54

Kurudi:
Kilomita 8 ............ 1h36
Kuongeza nusu ......... 0h48
Kushuka kwenye mawe ... 0h30
Kurudi yote ........... 2h54

Wengine watauliza: «Kwa nini kuongeza dakika 30 juu ya kushuka? Kushuka ni mbio!» Kushuka ni mbio kwenye barabara. Kwenye mawe, magoti yakiwa yamechoka, kushuka ndiko kunakovunja kifundo cha mguu.

Sasa tuangalie jua. Hapa kwetu mwezi wa Juni jua linatua karibu 17h55. Mwezi wa Desemba ni karibu 18h30. Tofauti ni ndogo, kwa sababu hatuko mbali sana na ikweta. Lakini kuna jambo lingine: jua letu likishatua halingoji mtu. Waskoti mwezi wa Juni wana mwangaza mpaka usiku, jua lao linatua karibu 22h00, na giza linakuja polepole. Sisi, nusu saa kiisha jua kutua, huoni tena jiwe mbele ya mguu wako.

Basi tuseme hivi: mwezi wa Juni, kila mtu awe chini saa 16h30. Hiyo inatuachia saa moja na dakika 25 za mwangaza, kwa ajili ya jambo tusilolijua. Kurudi kunataka 2h54. Toa 2h54 kwa 16h30. Inabaki 13h36.

13h36 ndiyo saa ya kugeuka. Tumeijua tukiwa bado darasani, na chaki mkononi.

4. SIKU AMBAYO GARI IMECHELEWA

Tukianza kutembea saa 8h00, tutafika juu 11h54. Tutakula na kupumzika saa moja, tutaanza kurudi 12h54, na kufika chini 15h48. Siku nzuri.

Lakini wote tunajua magari yetu. Gari imechelewa, barabara imeharibika, tumeanza kutembea saa 10h00. Hesabu ni ile ile: tutafika juu 13h54. Muone sasa! Saa ya kugeuka ilikuwa 13h36. Ni kusema kundi hili linapaswa kugeuka kabla ya kufika juu, labda wakati ukingo unaonekana karibu sana, juu ya vichwa vyao.

Hapa ndipo mitihani ya kweli inapoanza, na haina karatasi. Mmoja atasema: «Tutafika tu, haiko mbali.» Mwingine atasema: «Tumetoka Lubumbashi mpaka hapa, turudi bila kuona?» Wa tatu, mwenye miguu mirefu, atasema: «Wenye kuchoka wabakie, sisi tuende.» Maneno haya matatu yanasikilika kama ujasiri. Tuyapime kwa hesabu.

Wakiendelea, watafika 13h54. Wakila saa moja, wataanza kushuka 14h54, na kufika chini 17h48. Jua linatua 17h55. Dakika saba! Sasa mtu mmoja tu ajikwae, apungukiwe na maji, au wapoteze njia ya kushuka kwa robo saa, kundi zima linabaki kwenye ukuta wa mawe katika giza. Nao walivaa shati moja, kwa kuwa mchana kulikuwa na joto. Usiku wa Juni na Julai juu ya milima yetu ni baridi kali. Hata hapa mjini munajua namna asubuhi za miezi ile zinavyouma.

Mlima utakuwa pale mwaka ujao. Kurudi nyuma saa ya kugeuka ikifika si aibu. Aibu ni kubishana na saa.

5. MTU WA POLEPOLE NDIYE SAA YA KUNDI

Kundi la watu 20 halina mwendo 20. Lina mwendo mmoja, nao ni ule wa mwenye kuchelewa kuliko wote. Wenye nguvu wakikimbia mbele, hawafupishi safari hata dakika moja. Wanaikata kundi tu. Tena wanafanya kosa lingine: wanamungojea yule wa nyuma wakiwa wamekaa, naye akifika, wanasimama na kuondoka. Wao wamepumzika, yeye hapana. Mara ya tatu anaanza kuanguka.

Kwa hiyo:
a) Mwenye polepole atembee wa pili, nyuma ya kiongozi. Kiongozi asikie pumzi yake.
b) Mtu mzima mwenye akili atembee wa mwisho. Hakuna anayebaki nyuma yake.
c) Muhesabu watu kila mukisimama. Kwa sauti, si kwa macho.
d) Mtu akisema «Miye niko muzima, muende tu» na huku anakaa chini, usimuamini. Yule aliyechoka sana ndiye wa mwisho kukubali.

Na neno moja juu ya kuuliza njia. Mukiuliza mtu wa mugini: «Ni mbali?», atajibu: «Hapana, ni hapa tu.» Hadanganyi. Kwa miguu yake ni hapa tu. Muulize namna nyingine: «Ukitoka hapa asubuhi, jua linakuwa wapi ukifika?» Ataonyesha kwa mkono mahali pa jua, na hapo umepata saa yako.

6. RADI, MOTO, NYOKA

Radi. Mvula zetu zinaanza karibu Oktoba au Novemba na kwisha karibu Aprili. Wakati huo mawingu yanajikusanya zaidi mchana na mangaribi. Juu ya tambarare ya majani wewe ndiwe mti mrefu. Ukiona umeme, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Sauti inapita kilomita moja kwa sekunde 3 hivi. Ukihesabu sekunde 30, radi iko kilomita 10, na tayari inaweza kukufikia. Usingoje ikaribie: shuka mara moja. Usisimame ukingoni, wala chini ya mti ulio peke yake, wala mlangoni mwa pango. Kama hakuna mahali pa kushuka, kila mtu achuchumae mbali na mwenzake, miguu pamoja. Mungoje dakika 30 kiisha ngurumo ya mwisho ndipo muendelee.

Moto. Kuanzia Julai mpaka Oktoba majani ni makavu na watu wanachoma pori. Moto unakwenda mbio ukipanda mlima, mbio kuliko mtu. Usikimbie kupanda mbele yake. Tafuta mahali palipokwisha kuungua, au mawe matupu, na ukae pale. Na moto wako mwenyewe wa kupikia, uzime kwa maji mpaka majivu yawe baridi mkononi.

Nyoka. Kifutu halimbii, analala njiani na anafanana na majani makavu. Vaa viatu vya kufunga, usiweke mkono kwenye shimo au nyuma ya jiwe bila kutazama. Aliyeumwa asikimbie. Usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kubana. Mutulize mguu usijongee, mubebe, mumufikishe hospitali.

Mashimo. Katika inchi yetu ya shaba kuna mashimo ya wachimbaji, mengine yamefunikwa na majani marefu. Usiache njia kwa kufupisha safari.

7. INCHI INA MWENYEWE

Waskoti wana sheria ya mwaka 2003 inayomupa kila mtu haki ya kutembea karibu kila mahali, shambani na mlimani, mradi asiharibu kitu cha mtu. Kwetu tunapiga hodi. Ukifika mugini, nenda kwanza kusalimia shefu, umuambie mnatoka wapi na mnakwenda wapi. Hiyo ni heshima, na ni usalama vilevile: jioni msipoonekana, kuna mtu anayejua mlipita wapi.

Ndani ya mbuga ya taifa mtu haingii bila ruhusa ya ICCN, ofisi ya serikali inayotunza mbuga. Tena ni lazima kuuliza kwanza hali ya usalama ya siku zile, kwa kuwa mbuga hizi zimekwisha kuingiliwa na watu wenye silaha. Wakisema «hapana», ni hapana. Hiyo pia ni saa ya kugeuka, imekuja mapema tu.

8. VITU VYA KUBEBA

Kila mtu: maji lita 2 au zaidi, chakula, kofia, nguo ya baridi hata kama asubuhi kuna jua, kitu cha kujikinga na mvula, firimbi. Kundi: karte, dira ile tunayoita busole, tochi mbili zenye mabetri mapya, kiberiti ndani ya plastiki, sanduku la dawa, kamba. Simu ni nzuri, lakini mahali pengi kule hakuna rezo. Usiitegemee simu kama vile ni mtu.

9. KAZI YA NYUMBANI

1) Tembea mita 400 kwenye uwanja wetu na mzigo wako mgongoni, mwendo wa kawaida. Andika dakika. Zidisha kwa 2,5 upate dakika za kilomita moja. Ni mwendo wako, si wa rafiki yako.

2) Darasa linataka kutembea kilomita 10 na kupanda mita 300. Kwa kanuni yetu, pamoja na kuongeza nusu, watatumia saa ngapi kwenda? (Jibu: 3h45. Asiyelipata arudie sehemu ya 3.)

3) Umeona umeme na kuhesabu sekunde 12 kabla ya ngurumo. Radi iko kilomita ngapi? Kundi linafanya nini?

4) Andikeni karatasi ya safari: majina ya wote, njia, saa ya kuanza, saa ya kugeuka, saa ya kuwa chini. Nakala moja inabaki shuleni kwa mtu atakayekuwa macho siku ile. Chini ya karatasi andikeni jina moja: la yule ambaye, saa ya kugeuka ikifika, atasema «Tunageuka», na wote watamutii bila kubishana. Mutamuchagua wenyewe. Musichague mwenye nguvu kuliko wote. Mchagueni yule asiyeogopa kuchekwa.

Karatasi hiyo ikiwa tayari na imeandikwa vizuri, mulete kwangu. Hapo ndipo tutazungumza juu ya siku ya kwenda.

Mwalimu wa Jiografia